Maoni Yetu Juu ya Mpenzi wa Chelagat

Binti yangu ana miaka kumi na minne, na Jumapili iliyopita alikuwa amejilaza kwenye kochi anacheka peke yake, simu karibu imguse pua. Nikamuuliza kuna nini. Akasema anasoma maoni ya wasomaji kuhusu kitabu fulani cha msichana wa shule aliyependana na kijana aliyekufa. "Mum, hawa watu wamekasirika vibaya! Huyu anasema msichana amwachilie kijana aende zake. Huyu mwingine anasema akimwachilia, yeye anachoma kitabu." Akanisomea moja baada ya jingine, nami nikacheka naye, maana watu wakigombania mpenzi asiye wao ni burudani tosha. Kisha akasoma ya mtu aliyeandika sentensi moja tu: Mimi naamini huyu kijana yupo kweli. Binti yangu akaangua kicheko. Mimi nikaweka kikombe chini.

Niliwahi kuandika maneno kama hayo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikayaandika kwa penseli nyuma ya kitabu kilichokuwa na nakala moja tu duniani, na yaliyofuata sijawahi kumsimulia mtu. Hata binti yangu sikumwambia. Nawaambia ninyi wa rika langu, mliokunywa maziwa ya bure ya Nyayo shuleni na mnaojua maisha ya ploti yalivyokuwa.

Tulikaa Huruma, hapa hapa Eldoret, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vya mabati vinavyotazamana, katikati uwanja wa udongo, na mwisho wa uwanja tangi la maji juu ya mawe. Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo. Baba alikuwa huko kwetu upande wa ziwa na mke mwingine, na habari zake tuziache huko huko. Kwa hiyo tulikuwa watatu: Mama, mimi Akinyi, na kaka yangu Odhiambo, ambaye ploti nzima ilimwita Odhis. Odhis alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa na jino la mbele lililomeguka na sweta ya kahawia yenye viraka vya buluu kwenye viwiko. Mlango hakuwahi kuubisha. Alipiga mluzi mara mbili, mfupi halafu mrefu, nawe ukajua ni yeye ukamfungulia.

Mvua zilipoanza alishikwa na kichwa Jumatatu, na Ijumaa akawa amekufa. Homa ya uti wa mgongo, walisema hospitalini. Wakampeleka nyumbani ziwani kumzika, kama watu wetu wanavyofanya, maana Mama asingekubali mwanawe alale kwenye makaburi ya mji. Gari lilijaa watu wazima. Shuleni kulikuwa na mtihani. Wakaamua mimi nibaki na Rosa, jirani wa chumba cha pili aliyeuza mandazi. Niliona gari likitoka getini na vitambaa vyekundu vimefungwa mbele, Mama amekaa karibu na dereva na hageuki. Sikuona jeneza likishuka, sikuona udongo, sikuona chochote. Hilo mlishike, kwa sababu mtoto ambaye hakuona kaburi asilaumiwe sana kwa yale aliyoyaamini baadaye.

Mama alirudi amenyolewa nywele zote, na alirudi na maneno machache. Akitoka kazini alipika, akala matonge mawili matatu, akalala. Majirani waliomwita Mama Odhis miaka yote sasa walikuwa wanababaika. Wengine wakasema "Mama" tu wakakatiza hapo. Asubuhi moja Rosa akaita kutoka mlangoni kwake, "Mama Akinyi, umeamkaje?" Nilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilihisi nimemwibia ndugu yangu kitu wakati hayupo, na kwamba akirudi tutagombana. Ndiyo, niliwaza hivyo hivyo, akirudi.

Sasa Chelagat. Alikaa chumba cha tisa na shangazi yake mwalimu. Kwao ni kijiji kinachoitwa Ziwa karibu na Eldoret, si ziwa letu, watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa, akaja mjini kusoma kidato cha pili katika shule ya kutwa. Alikuwa na miaka kumi na sita na alitembea akitazama viatu vyake. Ukimsalimia alijibu huku ameshafika mlangoni. Hakuna aliyejua kwamba kichwani mwa huyo msichana kulikuwa na mambo, mpaka kitabu kilipotokea, miezi miwili hivi baada ya msiba wetu.

Kilikuwa kile kitabu kikubwa cha mistari chenye jalada gumu, tulichokiita kaunta buku. Ameandika kwa biro ya kijani, mwandiko wa kulala, na juu ya ukurasa wa kwanza: MGENI WA SAA KUMI NA MBILI. Chini yake kulikuwa na sheria. "Ukisoma, andika maoni yako kule nyuma kabla ya kumpa mwingine. Asiyeandika maoni asiguse tena." Kila wiki sura moja. Jumatatu kitabu kilikwenda shuleni kwao kwa wasichana wa kidato cha pili, Jumatano kikaja kuzunguka ploti nzima, na Ijumaa jioni kikarudi chumba cha tisa kurasa za nyuma zimejaa.

Mimi nilikisoma kupitia Rosa. Rosa alijua kusoma lakini pole pole, na mikono yake muda wote ilikuwa ya unga, kwa hiyo nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda chake nikamsomea huku anasukuma mandazi. Hadithi yenyewe ni hii. Kuna msichana anaitwa Lina. Kila jioni saa kumi na mbili akienda kuteka maji kwenye tangi anamkuta kijana anaitwa Dani, na Dani amekufa. Walimzika mbali, kwenye udongo wa mahali ambapo hakukulia, akaamka huko hamjui mtu, akarudi kwa miguu mpaka mji aliouzoea. Akigusa ndoo, maji yanakuwa ya baridi mpaka meno yanauma. Wanapendana, lakini kuna sharti la kutisha: kila Lina akimbusu, Dani anasahau jina la mtu mmoja aliyempenda akiwa hai.

Woi! Ploti ilichizi. Wanawake waliokuwa wanagombana kwa ajili ya kamba za kuanikia nguo sasa walisimama pamoja wakijadili busu. Nakumbuka maoni mengi. "Lina achana na maiti, wanaume wazima wamejaa Huruma." "Dani akienda mimi sitakula." "Huyu kijana angeokoka kabla ya kufa haya yote yasingetokea, lakini naomba sura ya tatu mapema." Rosa hakuandika mwenyewe, aliniambia niandike: "Busu lije haraka, watu tuna kazi."

Kulikuwa na fundi viatu wa chumba cha kwanza ambaye alikuta mkewe ameficha kaunta buku chini ya godoro. Mnakumbuka miaka ile. Maandishi ya mkono yanayopitishwa kimya kimya yalitosha kuletea nyumba wageni wa alfajiri wenye pingu. Yule mzee alitetemeka, akakifungua amesimama ili akitupe motoni, akasoma ukurasa, akakaa, chakula kikapoa. Maoni yake yako pale na sahihi yake: "Nimekagua. Hakuna siasa, ni mapenzi tu. Kijana awe na adabu."

Ilikuwa sura ya tatu iliyonigeuza. Nilikuwa namsomea Rosa, sauti juu, natia madoido, nikafika mahali Chelagat anaeleza Dani alivyo. Jino la mbele limemeguka. Sweta ya kahawia, viraka vya buluu viwikoni. Hamwiti Lina kwa jina, anapiga mluzi mara mbili, mfupi halafu mrefu.

Niliacha kusoma. Rosa naye aliacha kusukuma unga. Tulitazamana, nikaona macho yake yamejaa hofu, na Rosa si mtu wa kuogopa ovyo. Akasema pole pole, "Akinyi, hicho kitabu mamako asikione. Umenisikia?"

Sasa fikirieni mtoto ataelewa nini hapo. Mimi nilielewa kwamba ni kweli. Kama ingekuwa uongo, angecheka. Kumbe Odhis amerudi, yuko kwenye tangi letu kila jioni, ploti nzima inajua na wanatuficha mimi na Mama! Nilipandwa na hasira sijui hata niwaelezeje. Jioni ile nilikwenda tangini saa kumi na mbili na kibuyu changu, baridi ya Eldoret inauma masikio. Chelagat alikuwepo, anateka maji, midomo inacheza cheza kama anaongea na mtu. Nikangoja. Nikapiga mluzi ule, mfupi halafu mrefu. Chelagat akageuka kwa kishindo, ndoo ikamwagika, akanitazama kama ameona shetani, akakimbia ndani. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mwingine.

Wiki tatu nilikwenda pale kila jioni. Odhis hakunitokea. Kwa nini aende kwa mtu baki, msichana wa Ziwa ambaye hata hajui anavyopenda chai yake, mimi aniache? Nilimchukia Chelagat. Nilimchukia na yeye Odhis kidogo, nisiwadanganye.

Halafu ikaja sura ya sita. Lina akambusu Dani. Wasichana wa shule walichora mioyo pembeni kurasa mbili nzima. Lakini baada ya busu Chelagat aliandika kwamba Dani alisimama akakuna kichwa, akasema, "Kulikuwa na mtoto nyumbani kwetu. Nilikuwa namsaidia hesabu. Anaitwa nani?" Na hakumkumbuka.

Mimi ndiye mtoto huyo. Odhis ndiye aliyekuwa ananisaidia hesabu. Moyo ulinipasuka. Nilichukua penseli yangu na bila kumwambia Rosa nikaandika kule nyuma, chini ya mioyo ile: "Mimi naamini yupo kweli. Lina aache kumbusu. Mimi ni dada yake naitwa Akinyi, mwambieni asinisahau, na Mama analia."

Jumamosi nikaamua kusema. Mama alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachambua maharagwe. Nilisimama mbele yake nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba Odhis amerudi, anakuja tangini saa kumi na mbili, anaongea na Chelagat, na ameanza kusahau watu. Nikafunga macho nikingoja kofi.

Kofi halikuja. Mama alikuwa amebaki vile vile, mkono juu ya maharagwe. "Anavaa nini?"

"Sweta yake."

"Anasema nini?"

"Anasema kule alikozikwa hamjui mtu, ndiyo maana amerudi."

"Anakuja kwa huyo msichana. Si kwangu."

"Kwa Chelagat."

Mama akaweka ungo chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inataja miezi ya mwaka kwa lugha yetu, akarudia tena toka mwanzo. Sikuelewa anahesabu nini. Kisha akainuka, akanawa uso, akafunga kitambaa kipya kichwani, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mvua zianze. Uso wa Mama ulikuwa na haraka. Ulikuwa na furaha ya kuogopa.

Mimi nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa. Kwetu wafu hawaji bure. Mtu wako aliyekufa akimtokea mwanamke, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtoto njiani, na yeye anataka mtoto huyo apewe jina lake. Ndiyo maana babu zetu bado wanatembea, wamo katika majina yetu. Mimi nilimpelekea Mama habari ya mzimu. Yeye alisikia habari ya mjukuu.

Nilimfuata mpaka chumba cha tisa. Shangazi mtu alikuwa hayupo, ameenda mazoezi ya kwaya. Chelagat alikuwa anapiga pasi blauzi ya shule kwa pasi ya makaa. Mama hakusalimu. Aliingia, akafunga mlango, akapiga magoti sakafuni.

Haki ya Mungu sijawahi kushtuka vile, hata leo. Mama mzima, mama wa watoto, aliyenyolewa kichwa kwa msiba wa mwanawe, anapigia magoti msichana wa kidato cha pili.

"Mwanangu, usiogope," Mama akasema. "Sikuja kugombana. Una mtoto wa Odhis?"

Chelagat aliiachia pasi juu ya blauzi.

"Amekuja kuulizia jina, najua. Niambie tu miezi. Mimi nitaongea na shangazi yako. Nitapanda gari niende Ziwa niongee na wazazi wako, wanitukane mimi. Nitamlea mwenyewe, wewe hutaacha shule. Siombi kitu kingine. Niambie tu yupo."

Chelagat alinitazama mimi, akatazama kaunta buku kitandani, akanitazama tena. Nikaona anaelewa. "Mama," akasema, "hakuna mtoto."

"Usinifiche, mwanangu."

"Haki hakuna, Mama. Ni hadithi. Nimetunga kwa kichwa."

"Na ile sweta?"

"Nilikuwa namwona akipita."

"Na mluzi?"

"Nilikuwa nausikia nikiwa humu ndani."

"Hamkuwa na urafiki?"

Hapo Chelagat akaanza kulia. "Alinisalimia mara mbili, Mama. Ya kwanza alinibebea ndoo. Ya pili aliniuliza kama shuleni kwetu walimu wanachapa. Ni hayo tu. Nilikuwa nampenda peke yangu. Yeye hata hakujua."

Mama alibaki kwenye magoti. Ile haraka ilitoka usoni mwake na hakuna kilichokuja mahali pake. Odhis alipokufa mara ya kwanza waliniacha kwa Rosa. Mara hii nilikuwepo, nimesimama hatua mbili kutoka hapo, na ni mimi niliyefanya. Kama ningeweza kumeza maneno yangu yarudi tumboni ningeyameza.

Harufu ndiyo iliyotuamsha. Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya blauzi, na moshi unapanda. Mama akainuka, akaiondoa pasi, akasema, "Nguo yako imeungua," kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu akakaa kwenye kitanda cha Chelagat na kunionyesha kitabu kwa kidevu. "Soma."

Mama alikuwa ameishia darasa la tatu na maandishi ya kulala yalimshinda. Nikasoma toka ukurasa wa kwanza. Chelagat alikaa sakafuni amejifunika uso na blauzi iliyoungua. Nilipofika kwenye busu niliruka mistari kwa aibu. Mama akasema, "Umeruka. Rudi." Nikarudi. Nikasoma mpaka mwisho wa sura ya sita, na kwa sababu nilikuwa nimeshazoea, nikasoma na maoni ya watu, moja moja, mpaka yangu.

Mama alipitisha kidole juu ya maneno yangu ya penseli. Kisha akamuuliza Chelagat, "Kila anayesoma lazima aseme maoni yake, sivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi maoni yangu ni haya. Mpe mtoto."

Chelagat akashusha blauzi usoni. "Mama, kwa kitabu amekufa."

"Nimesikia kila kitu. Kufa amekufa. Mpe mtoto."

Na Chelagat, wenzangu, alimpa. Sura ya saba Lina anakwenda tangini asubuhi, anakuta mtoto mchanga amefungwa ndani ya sweta ya kahawia. Wanawake wanakusanyika wanamzunguka, na hapa Chelagat akaandika desturi ya kwao, maana kumbe na wao wana yao: wanaita majina ya waliokufa, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya, na jina atakalopigia chafya ndilo lake, mwenyewe amerudi. Wakaita babu, wakaita wajomba, kimya. Wakaita Dani. Mtoto akapiga chafya.

Ploti ililipuka. Kitabu kilirudi wiki ile kama kimepigwa. "Tumedanganywa." "Maiti inazaaje? Chelagat umeharibu kitabu." "Hiyo chafya ni mafua, Eldoret asubuhi kila mtoto ana mafua." Msichana mmoja wa shuleni alipiga mstari mkubwa juu ya sura nzima akaandika UONGO. Fundi viatu aliandika kwamba amekuwa mtu wa subira lakini haya ni matusi kwa akili ya mzee. Hata Rosa, mwanamke mwema kabisa, aliniambia niandike kwamba yeye alikuja kwa ajili ya mapenzi, si nepi.

Chelagat alikuwa amekuwa mtu, mnaelewa? Msichana wa kutazama viatu vyake alikuwa anapita uwanjani wanawake wanamwita, "Mwandishi! Njoo kidogo!" Wiki mbili tu, wote wakamwacha. Shuleni walimpigia chafya kila akiingia darasani, mabenchi yote kwa pamoja. Angesema neno moja tu, kwamba ni mama wa marehemu aliyeomba, na ploti nzima ingelia na kumpongeza. Hakusema. Hakumwambia hata shangazi yake. Alivumilia akaendelea kuandika sura moja kila wiki, kwa msomaji mmoja.

Kila Ijumaa nilisoma na Mama akatoa maoni. Yalikuwa maoni makali kuliko ya fundi viatu. "Miezi sita na bado hakai? Amwekee shuka mgongoni, amkalishe." "Uji wa wimbi, si chai. Nani anampa mtoto chai?" Alitaka kujua meno yameota ya juu au ya chini kwanza. Mtoto alipotembea, Mama alipiga makofi, mimi nikaogopa majirani watasikia. Nywele zake zilikuwa zimeanza kurudi. Siku moja akanunua samaki akapika kwa nyanya kama zamani, na tulipokuwa tunakula akasema yule mtoto lazima afundishwe kutoa miiba. Kama ni wazimu, basi ulikuwa wazimu uliotulisha.

Mwisho wa mwaka babake Chelagat akatuma habari kwamba amempatia nafasi shule ya bweni karibu na kwao, arudi Ziwa. Alikuja chumbani kwetu Ijumaa ya mwisho, kitabu kifuani, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Kurasa zilikuwa zimebaki chache.

"Mama, nimekuja kuuliza vile nitamaliza," akasema. "Nilikuwa nafikiria nimkuze. Aende shule, amalize mitihani, aoe. Sura ya mwisho awe mtu mzima, mrefu, anajenga nyumba."

Mama alikuwa anaosha vikombe. "Sasa ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mwache hapo."

"Lakini Mama, hadithi haiwezi kuisha hivyo. Watu watasema haijaisha."

"Waseme. Mwache hapo hapo mitatu." Mama hakuinua macho kutoka kwenye karai. "Usimkuze. Wakikua ndio wanakufa."

Chelagat akafunga kitabu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango, na mwaka ule mwili wangu ulikuwa umechomoka bila kuniuliza. Viatu vilinibana, mikono ya sweta imeishia juu ya vifundo, sketi ya shule imepanda juu ya magoti. Na kwa siri, nikiwa nimeegemea ukuta, nilikunja magoti. Nilijishusha kidogo, kisha kidogo tena, mpaka pindo la sketi likafunika magoti, nikabaki hivyo, mapaja yanatetemeka.

Sijui niliganda vile dakika ngapi. Mama aligeuka kutafuta kitambaa cha kufutia, akaniona.

Alinitazama usoni, akatazama magoti yangu yaliyokunjwa, akanitazama usoni tena. Kikombe kikamponyoka kikaanguka ndani ya karai.

"Akinyi," akasema. "Simama wima."

Nikasimama.

Alikuja na mikono yake inachuruzika maji, akachuchumaa mbele yangu, akalishika pindo la sketi akaligeuza nje, akapima kwa vidole nguo iliyokuwa imekunjwa ndani.

"Bado kuna kitambaa kingi hapa," akasema. "Vua nifumue, nikuongezee urefu."